Anza na Mwezi Mbaya: Jinsi ya Kupanga Fedha za Kaya Wakati Mapato Hayatabiriki

Kaya nyingi haziangushwi na bei ya kitu kimoja kikubwa. Zinaangushwa na malipo madogo madogo ambayo lazima yatoke kila mwezi, fedha iwe imeingia au haikuingia: awamu ya simu, awamu ya samani, ada za huduma za mtandaoni, rejesho la mkopo uliochukuliwa kuziba tundu la mwezi uliopita. Biashara ya rejareja inazidi kuelekea huko. Muuzaji anajua kuwa bei ya 480 humfanya mnunuzi asite, lakini 40 kwa mwezi humpita bila kumshtua. Wakati huohuo kazi nyingi zimekuwa za mkataba mfupi, za kulipwa kwa saa au kwa kila agizo. Malipo yanazidi kufungwa kwa mkataba huku mapato yakizidi kuyumba, na pengo hilo ndilo chanzo kikubwa cha wasiwasi wa fedha, hata kwa watu ambao kwa mwaka mzima wanaingiza kiasi cha kutosha.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupima pengo hilo na kulipunguza. Kiasi chote kilichotajwa ni cha mfano na hakina sarafu. Weka sarafu unayotumia.

Tafuta kima cha chini cha mapato

Andika mapato halisi ya miezi 12 iliyopita, mwezi baada ya mwezi, kwa mfuatano wake. Andika kilichofika mkononi baada ya makato. Usiandike kilichoahidiwa, wala ankara ambazo hazijalipwa. Tuseme orodha ni hii: 620, 700, 650, 540, 480, 390, 450, 520, 560, 680, 710, 600. Jumla ni 6,900, na wastani ni 575 kwa mwezi.

Wastani huo ndio unaowaponza watu. Mtu akipanga maisha ya 575, katika miezi 12 hiyo atakuwa na miezi sita ya upungufu. Chukua badala yake miezi mitatu iliyo chini kabisa, 390, 450 na 480, uipatie wastani wake: 440. Hicho ndicho kima cha chini, na ndicho cha kupangia majukumu. Tunachukua miezi mitatu kwa sababu mwezi mmoja mbaya kupita kiasi unaweza kuwa wa bahati mbaya tu, lakini mitatu huonyesha tabia ya mapato yenyewe.

Kama huna kumbukumbu za miezi 12, tumia sita na upunguze asilimia 10 kwenye jibu. Kama kaya ina watu wawili wanaoingiza fedha, jumlisheni mapato ya kila mwezi kwanza, kisha mtafute miezi mitatu ya chini. Msitafute kima cha kila mtu peke yake na kuvijumlisha, kwa kuwa mwezi mbaya wa mmoja huenda ni mzuri kwa mwenzake. Lakini ikiwa nyote mnafanya kazi kwa mwajiri mmoja au katika biashara ya aina moja, miezi mibaya itawakuta pamoja, na kima chenu kitakuwa chini zaidi kuliko mnavyofikiri.

Orodhesha ahadi zote

Bajeti za kawaida huuliza umetumia nini. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: mwezi ujao usipoingiza chochote, ni malipo gani yatadaiwa vilevile? Hizo ndizo ahadi. Ziorodheshe pamoja na kiasi, tarehe ya kutoka, tarehe ya mwisho wa mkataba, na kinachotokea ukikosa kulipa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote, na karibu kila mtu huiruka.

Pitia taarifa za akaunti na za pesa kwa simu za miezi 13 nyuma. Miezi mitatu haitoshi, maana huduma zinazojirudia kwa mwaka hujitokeza mara moja tu, na ule mwezi wa kumi na tatu ndio unaokuhakikishia kuwa mzunguko mzima umeonekana. Utakuta huduma zilizoanza kama majaribio ya bure, bima zilizouzwa pamoja na kifaa kisichokuwepo tena, na nafasi ya kuhifadhi picha inayolipiwa na watu wawili katika nyumba moja.

Kuna ahadi tatu zinazosahaulika mara nyingi. Ya kwanza ni udhamini: ukimdhamini mtu mkopo, rejesho lake la mwezi mmoja liandike kwenye orodha yako, kwa sababu siku atakayokwama wewe ndiwe utakayepigiwa simu. Ya pili ni gharama zinazojulikana za mwaka, kama karo, leseni, bima na matengenezo ya chombo cha usafiri. Hizo si dharura hata kidogo. Zijumlishe, gawa kwa 12, na jibu liandike kama ahadi ya kila mwezi. Ya tatu ni manunuzi ya “lipa baadaye” yanayogawanywa mara nne kila wiki mbili. Moja peke yake haionekani. Lakini manunuzi matano ya 80 yakienda sambamba ni 20 mara tano, yaani 100 kila wiki mbili, na 200 kwa mwezi. Kwa kaya ya mfano wetu hiyo ni karibu nusu ya kima cha chini.

Sasa jumlisha. Kipimo tunachoshauri ni kuwa ahadi zote zilizofungwa kwa mkataba, pamoja na kodi ya nyumba, zisizidi nusu ya kima cha chini. Kwa 440, ni 220. Nusu inayobaki ni ya chakula, nauli, dawa na mengine ambayo hayana mkataba lakini hayaepukiki. Mahali ambapo kodi ya nyumba ni kubwa, nusu haitawezekana. Hapo lenga theluthi mbili, na ujue kwamba akiba yako lazima iwe kubwa zaidi kufidia.

Kusitisha huduma kuna utaratibu wake. Huduma nyingi hukuacha uendelee kuitumia hadi mwisho wa kipindi ulichokwisha lipia, kwa hiyo soma masharti, na kama ndivyo, sitisha siku ileile unapojiunga. Ukiihitaji tena utajiunga tena. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Piga picha ya ukurasa unaothibitisha usitishaji na uihifadhi, kisha hakikisha mwezi unaofuata kwamba fedha haikukatwa. Inapokatwa licha ya uthibitisho, pinga malipo hayo benki mapema, kwa kuwa muda wa kupinga una kikomo.

Soma bei ya kweli ya awamu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kuona, na ndipo hesabu kidogo hulipa zaidi kuliko kujinyima kwingi.

Mkopo wa 1,200 kwa “asilimia 10 kwa mwaka”, unaolipwa kwa awamu 12 za 110, unaonekana kugharimu 120. Ni kweli umelipa 120 ya ziada. Lakini hukukaa na 1,200 mwaka mzima. Mwezi wa pili ulikuwa umesharudisha sehemu, na mwezi wa kumi na mbili ulibaki na deni la awamu moja tu, huku riba ikiendelea kuhesabiwa juu ya kiasi cha mwanzo. Riba ya kweli, inayohesabiwa juu ya deni lililobaki, ni asilimia 18 kwa mwaka. Kwa hiyo mkopeshaji anapotaja asilimia, swali la kwanza ni: inahesabiwa juu ya kiasi cha mwanzo au juu ya salio linalopungua? Asipokujibu waziwazi, hesabu mwenyewe.

Kwa malipo ya kila mwezi, njia ya haraka ni hii. Chukua gharama zote za ziada, riba pamoja na ada za maombi, bima na usajili. Zidisha kwa 24. Kisha chukua kiasi ulichopokea kweli, kizidishe kwa idadi ya malipo ukiongeza moja. Gawa cha kwanza kwa cha pili. Katika mfano wetu: 120 mara 24 ni 2,880, 1,200 mara 13 ni 15,600, jibu ni karibu asilimia 18.5. Njia hii huzidisha kidogo riba ya kweli, nayo huzidi kupotoka kadiri riba na muda vinavyokuwa vikubwa, lakini inatosha kulinganisha mikopo miwili ya muda unaofanana.

Tumia njia hiyohiyo kwa matangazo ya “bila riba”. Kifaa kinauzwa kwa awamu 12 za 90, bila riba, awamu ya kwanza ikilipwa leo. Ukiuliza bei ya taslimu unaambiwa 900. Jumla ya awamu ni 1,080, hivyo tofauti ni 180, na wengi wataiita asilimia 20. Tazama vizuri. Kwa kuwa 90 umeitoa leo, umekopeshwa 810 tu, utakazolipa kwa miezi 11. Zidisha 180 kwa 24 upate 4,320. Zidisha 810 kwa 12 upate 9,720. Jibu ni asilimia 44. Hesabu kamili inatoa 42. Hiyo ndiyo riba ya mkataba ulioandikwa kuwa hauna riba. Ndiyo maana uulize bei ya taslimu kila mara kabla ya kutaja kwamba unataka awamu, na uiulize katika maduka mawili au matatu. Pasipo bei ya taslimu hakuna cha kulinganisha.

Mikopo mifupi ya simu hufichwa na ufupi wake. Ukiomba 100, ukapokea 90 kwa sababu ada imekatwa mwanzoni, na ukarudisha 100 baada ya siku 30, umelipa 10 kwa kutumia 90, yaani zaidi ya asilimia 11 kwa mwezi mmoja. Ukifanya hivyo kila mwezi kwa mwaka, ni asilimia 133, na bado kila mwezi unaanza ukiwa na pungufu la 10.

Kadi ya mkopo ina mtego wa aina nyingine, nao ni malipo ya chini kabisa. Tuseme deni ni 1,000, riba ni asilimia 2 kwa mwezi, na malipo ya chini ni asilimia 3 ya salio. Mwezi wa kwanza unatoa 30, ambapo 20 ni riba na 10 ndiyo inayopunguza deni. Salio linaposhuka, malipo ya chini nayo yanashuka, na kasi ya kulipa inazidi kufifia. Baada ya miezi 69, karibu miaka sita, utakuwa umelipa 1,500 na bado unadaiwa 500. Sasa fanya badiliko moja tu: usiruhusu malipo yashuke. Toa 30 ileile kila mwezi hata taarifa ikikuambia 28 au 25 inatosha. Deni lote litakwisha mwezi wa 56. Hujaongeza hata senti juu ya malipo ya mwezi wa kwanza. Weka amri ya kudumu benki ya kiasi kisichobadilika, na usitumie kadi hiyo hadi deni liishe.

Kabla ya kusaini mkataba wowote wa awamu, pata majibu ya maandishi kwa haya: bei ya taslimu, jumla ya malipo yote, adhabu ya kuchelewa siku moja na siku 30, kama kulipa mapema kunapunguza gharama au hapana, na nani mmiliki wa kitu wakati deni halijaisha. Simu nyingi zinazouzwa kwa awamu huweza kufungwa zikiwa mbali. Kama simu hiyo ndiyo chombo chako cha kazi, kukosa awamu moja kunakata na mapato ya kulipia awamu inayofuata.

Akiba ya kuziba pengo

Ushauri wa kuweka akiba ya miezi mitatu hadi sita una maana, lakini kwa mtu anayeanza na sifuri unakatisha tamaa. Anza na kiasi kinachotoka kwenye orodha yako mwenyewe.

Tuseme matumizi ya lazima ya kaya ya mfano ni 500 kwa mwezi. Toa 500 kwenye kila mwezi wa orodha: +120, +200, +150, +40, −20, −110, −50, +20, +60, +180, +210, +100. Miezi mitatu ya upungufu imefuatana, na jumla yake ni 180. Hilo ndilo pengo la mapato. Ongeza gharama moja kubwa zaidi isiyotarajiwa iliyokupata ndani ya miaka miwili, tuseme 250. Lengo la kwanza ni 430, chini ya matumizi ya mwezi mmoja. Likifikiwa, mwaka kama uliopita hautakulazimisha kukopa. Baada ya hapo ndipo ulenge mwezi mmoja kamili, kisha mitatu.

Angalia mfuatano kuliko ukubwa. Upungufu wa 110 uliosimama peke yake unazibika. Upungufu mdogo unaofuatana miezi minne mitano ndio unaowaingiza watu kwenye mikopo ya simu.

Namna ya kuijenga: fungua akaunti mbili. Mapato yote yaingie ya kwanza. Siku ileile ya kila mwezi, jilipe 500 kwenda ya pili, na uishi kwa hiyo ya pili pekee. Kinachobaki kwenye ya kwanza ndiyo akiba. Kaya ya mfano ikianza mwanzoni mwa orodha ile itakuwa na 470 baada ya miezi mitatu. Ikianza katikati ya miezi mibaya haitakuwa na kitu cha kubakiza, na hapo njia pekee ni kusogeza au kupunguza ahadi hadi miezi mizuri irudi. Ni vizuri kulijua hilo kabla, kwa sababu wengi huacha mpango mwezi wa pili wakidhani wameshindwa, wakati walianza tu katika msimu mbaya.

Kosa linalorudiwa mno ni kujiongezea malipo baada ya miezi mitatu mizuri. Usipandishe ile 500 kabla ya miezi 12 kuisha na kima cha chini kuhesabiwa upya. Kosa la pili ni kuiweka akiba pamoja na fedha ya biashara. Mzigo wa bidhaa utaimeza. La tatu ni kuifungia mahali ambapo kuitoa kunachukua wiki tatu. Akiba ya pengo lazima ipatikane ndani ya siku mbili, hata kama faida yake ni ndogo.

Mfumuko wa bei huila akiba ya fedha taslimu. Kwa asilimia 6 kwa mwaka, uwezo wake wa kununua hupungua hadi nusu ndani ya miaka 12 hivi. Kwa hiyo usirundike taslimu kupita miezi mitatu ya matumizi. Pale bei zinapopanda haraka zaidi, sehemu ya akiba inaweza kukaa kama bidhaa zisizoharibika ambazo kaya itazitumia kwa hakika ndani ya miezi miwili. Zaidi ya hapo unajaza nyumba.

Madeni yaliyopo

Ushauri wa kawaida ni kuanza na deni lenye riba kubwa. Ni sahihi kwa mtu ambaye ahadi zake tayari zimetoshea ndani ya kipimo. Kwa mtu aliyezidisha, hatari iliyo karibu zaidi ni kukosa malipo, na anachohitaji kwanza ni nafasi ya kupumua kila mwezi.

Gawa salio la kila deni kwa malipo yake ya mwezi. Deni la 600 linalolipwa 25 kwa mwezi linatoa 24. Deni la 160 linalolipwa 40 linatoa 4. Hata kama la kwanza lina riba ya asilimia 30 na la pili 12, malizia la pili kwanza: kwa 160 tu unaachilia 40 za kila mwezi. Ahadi zikishatoshea, geuka upige lenye riba kubwa kwa nguvu zote.

Ukiona mwezi ujao hautatosha, wasiliana na mkopeshaji kabla ya tarehe. Baada ya tarehe kupita, adhabu zimeshaingia na jina lako huenda limeshapelekwa kwenye orodha ya wadaiwa. Omba jambo mahususi: kusogeza tarehe ya malipo iwe siku tatu baada ya siku unayolipwa, au kulipa riba pekee kwa miezi miwili. Pata jibu kwa maandishi. Fedha isipotosha wote, tangulia na vinavyoshikilia maisha na kazi: makazi, umeme na maji, chombo cha kazi. Deni lisilo na dhamana hufuata, hata kama mkusanyaji wake ndiye anayepiga simu mara nyingi zaidi.

Mkopo wa kuunganisha madeni yote kuwa moja hupunguza malipo ya mwezi, mara nyingi kwa kurefusha muda. Unafaa kwa masharti mawili: jumla ya malipo yote isizidi ile ya madeni ya sasa, na akaunti za zamani zifungwe siku hiyohiyo. Zikiachwa wazi hujaa tena.

Kununua vitu vya kudumu

Kitu cha bei nafuu kinaweza kuwa ghali, hilo linajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba awamu zinaweza kuufuta ubora wote. Kifaa cha 300 kinachodumu miaka 3 kinagharimu 100 kwa mwaka. Cha 700 kinachodumu miaka 10 kinagharimu 70. Lakini ukikinunua hicho cha 700 kwa mkopo wa miezi 24 wenye riba ya asilimia 40 kwa mwaka juu ya salio, utalipa karibu 1,030, na gharama inakuwa 103 kwa mwaka. Kwa hiyo bora nunua cha 300 kwa taslimu, au kilichotumika cha ubora wa juu, huku ukiweka akiba ya kile kikubwa. Ongeza na umeme: kifaa kinachokula wati 40 zaidi usiku na mchana kinamaliza karibu kilowati-saa 350 za ziada kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya umeme unakoishi kabla ya kufurahia punguzo.

Uimara hupangwa kiwandani. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu walikubaliana huko Geneva kwamba balbu idumu saa 1,000, na kampuni iliyotengeneza balbu za kudumu zaidi ilitozwa faini. Siku hizi uimara hukatizwa kwa betri iliyogundishwa, kipuri kinachokataa kufanya kazi bila idhini ya kiwanda, na programu isiyopata masasisho. Sheria zimeanza kubana. Ufaransa ilianza Januari 2021 kuwataka wauzaji waonyeshe alama ya urahisi wa kutengenezeka, kati ya 0 na 10, kwa bidhaa kama simu na kompyuta za mkononi. Umoja wa Ulaya tangu Juni 2025 unataka betri za simu mpya zibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mara 800, na vipuri vipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Hata kama unaishi mbali na huko, modeli nyingi ni zilezile: tafuta alama yake mtandaoni kabla ya kununua.

Dukani, uliza betri inabadilishwaje na kwa bei gani, kipuri kinachoharibika zaidi kinapatikana wapi, masasisho ya programu yanaisha mwaka gani, na kama kifaa kitafanya kazi bila intaneti au kampuni ikifunga huduma yake. Kwa kilichotumika, angalia afya ya betri, hakikisha hakijafungwa kwa akaunti ya mwenye nacho wa zamani, na kwamba hakina deni la awamu. Matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kingine kilichotumika cha hali sawa, usitengeneze.

Kodisha au azima vitu utakavyotumia chini ya mara tano kwa mwaka. Vinavyotumika kila wiki, miliki.

Mapato yako yanategemea ununuzi wa nani?

Katika nchi nyingi matumizi ya kaya ni zaidi ya nusu ya uchumi. Marekani ni karibu theluthi mbili. Kaya zikiogopa, huahirisha kwanza vitu vya kudumu: magari, samani, vifaa vya umeme, ukarabati wa nyumba, safari. Chakula, dawa na nauli hufuata mbali sana. Marekani iliona hali hiyo mwaka 1930. Magari yalikuwa yameuzwa kwa awamu kwa miaka kadhaa, baada ya General Motors kuanzisha kampuni yake ya kukopesha wanunuzi mwaka 1919, na aliyekosa malipo alinyang'anywa gari pamoja na kupoteza alichokwisha kulipa. Familia zikazilinda awamu kwa kukata matumizi mengine yote, na kukata huko kukapunguza mauzo na kazi za wengine.

Mfumo unaojengwa sasa juu ya malipo ya kila mwezi una udhaifu uleule, na tunalisema kwa wasiwasi wa kweli. Kadiri kaya nyingi zinavyokuwa zimefungwa na ahadi, ndivyo mshtuko mmoja unavyosambaa haraka. Huwezi kuuzuia peke yako, lakini unaweza kujua umesimama wapi. Kama mwajiri wako au wateja wako wanauza vitu vinavyoahirishika, lenga akiba ya miezi mitatu badala ya mmoja, na kipato cha pili kikitafutwa kitoke kwenye matengenezo, huduma za afya, chakula au usafiri wa kila siku. Usiwekeze akiba kwenye biashara ileile inayokupa mshahara, maana vyote viwili vitaanguka wiki moja.

Vikundi vya kuweka na kukopa husaidia sana hapa, kwa masharti ya kawaida ya usalama: daftari linaloonekana na kila mwanachama, watia saini watatu kwenye akaunti, na mkopo usiozidi mara mbili au tatu ya akiba ya mkopaji. Kikundi cha watu wa kazi moja kina udhaifu, kwani wote watataka kukopa mwezi mmoja. Changanyeni watu wa kazi mbalimbali. Mchango wenu wa kikundi nao ni ahadi, uandikwe kwenye orodha.

Lini urudie hesabu

Rudia kila baada ya miezi sita, na mara moja yanapotokea haya: mwezi wa mapato chini ya kima cha chini, ahadi mpya yoyote inayozidi miezi mitatu, au kukopa ili kulipa ahadi nyingine. Hilo la mwisho ni ishara ya kusimamisha kila kitu. Siku hiyohiyo toa orodha, panga ahadi kwa tarehe ya mwisho wa mkataba, na uanze kupiga simu: kwanza kusitisha zile zinazositishwa bila adhabu, kisha kuomba kusogezwa kwa zile zilizobaki, kabla ya tarehe ya malipo inayofuata kufika.